Lenzi ya Mtazamaji wa Mbio za Magari

Na uchukuliwe mfano wa koplo mmoja wa Jinja aliyepata likizo yake, akaazimia kwenda Naivasha nchini Kenya ili ayaone magari ya Safari Rally kwa macho yake, badala ya kuyaona katika televisheni ya mesi. Kamera anayo, aliinunua imekwisha kutumika, pamoja na lenzi fupi iliyokuja nayo. Sasa dukani ameiona lenzi nyingine, nyeupe, nene kama chupa ya chai, mfano wa zile wanazobeba wapiga picha wa magazeti, na tangu siku hiyo hana mazungumzo mengine. Bei yake yakaribia ada ya muhula mzima ya watoto wawili.

"Mama watoto," alisema jioni moja, "lenzi ile huona hata gizani."

"Na mbio hizo, baba watoto, hukimbiwa usiku?"

"Mchana."

Mkewe akaendelea kupeta mchele.

Kwa swali lile moja mke wa koplo aligusa jambo ambalo muuzaji hakulitaja kabisa. Lenzi nene ni ghali kwa sababu ya tundu lake. Tundu ndilo mlango wa mwanga, na ukubwa wake huandikwa kwa tarakimu ambazo kwa mgeni ni kinyume: tarakimu ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya f/2.8 huingiza mwanga mara nne ya ule unaoingizwa na lenzi ya f/5.6, na kwa mlango huo mpana mnunuzi hulipa fedha nyingi, kisha hulipa tena kwa mabega yake. Lenzi ya milimita 70 hadi 200 yenye tundu la f/2.8 huwa na uzito wa karibu kilo moja na nusu. Ndugu yake mwembamba wa milimita 70 hadi 300, anayefunguka hadi f/5.6 tu anapovutwa kabisa, mara nyingi hauzidi uzito wake nusu ya huo kwa mbali.

Je, mwanga wa Naivasha wahitaji mlango mpana kiasi hicho? Ipo kanuni ya kale ya wapiga picha wa filamu ambayo kamera za kisasa hazijaitangua. Penye jua kali lisilo na wingu, tundu likiwekwa f/16, kasi ya shata hulingana na wepesi wa filamu: filamu ya 100 yataka sehemu moja ya 100 ya sekunde. Tundu likifunguliwa mpaka f/5.6, kasi hupanda mpaka sehemu moja ya 800. Wepesi ukipandishwa kuwa 400, jambo ambalo kwa kamera ya leo ni kugeuza kitufe tu, kasi hufika sehemu moja ya 3,200. Hakuna gari la mashindano linaloshinda kasi hiyo. Hata wingu likitanda na kunyang'anya mwanga huo robo tatu, husalia sehemu moja ya 800, nayo yatosha.

Wapiga picha wa magazeti hawabebi lenzi nyeupe kwa majivuno. Kazi yao huwapeleka katika misitu ya Finland, huwapeleka Monte Carlo mwezi wa Januari ambako magari hupanda milima gizani, na mhariri hakubali udhuru wa mvua. Koplo wa Jinja ana siku tatu za jua la Bonde la Ufa, na akikosa picha hakuna atakayemwita ofisini.

Tundu, basi, lisimsumbue. Jambo la kumsumbua ni urefu, na urefu wa lenzi haupimwi dukani. Hupimwa pale ambapo mtu atasimama. Hesabu yake mtoto wa darasa la saba aweza kuifanya. Umbali kutoka kwa mpiga picha hadi kwenye gari huzidishwa kwa 36, ambazo ndizo milimita za upana wa picha moja ya filamu ya kawaida, kisha jibu hugawanywa kwa milimita za lenzi. Kinachopatikana ni upana wa mahali patakapoingia katika picha. Mtu akisimama mita 40 kutoka njiani na lenzi ya milimita 50, picha yake itachukua mita 29 za nchi, na gari lenye urefu wa mita nne na kidogo litakuwa sehemu moja ya saba tu ya upana huo. Kwa lenzi ya milimita 200 picha itachukua mita saba, gari likajaza zaidi ya nusu. Kwa milimita 300 zitabaki mita tano pungufu, na gari litagusa pembe zote mbili.

Akirudishwa nyuma hadi mita 100, lenzi hiyo ya 300 itamwonyesha mita 12, na gari litakuwa theluthi moja. Si haba. Tena kamera nyingi za bei nafuu zina bapa dogo la kupokea picha, ambalo upana wake ni kama milimita 24; kwa kamera hizo 36 huondolewa katika hesabu na 24 huwekwa mahali pake, na zile mita 12 huwa nane. Kamera iliyodharauliwa dukani kwa udogo wake hapa humfaa mwenyewe, kwani lenzi fupi huwa kama ndefu.

Sasa hesabu hiyo hiyo na ifanyiwe simu ya mkononi, maana hiyo ndiyo kamera ya watu wengi zaidi kando ya njia. Lenzi kuu ya simu ni sawa na milimita 24 hadi 26 kwa kipimo hiki. Kwa umbali wa mita 40 huchukua karibu mita 58 za nchi, na gari humo ni kama siafu aliyebeba unga. Simu chache za bei kubwa zina lenzi ya pili iliyo ndefu, nyingi hazina. Mwenye simu afanyeje? Hujongea. Hupita utepe kwa hatua mbili, kisha nne, na kwa kila hatua picha hupendeza zaidi.

Tena lenzi pana ina hila. Hurudisha vitu nyuma. Gari lililo mita 60 mbali huonekana katika kioo cha simu kama lililo mbali mno, na anayelitazama humo hudhani ana nafasi ya kutosha ya kuondoka. Lakini gari la kilomita 120 kwa saa hukata mita 33 kila sekunde. Mtu yule amebakiwa na muda usiotimia sekunde mbili, ambamo anatakiwa ashtuke, ageuke, achague upande na akimbie, huku jirani zake wote wakichagua upande ule ule.

Askari polisi aliyepata kulinda njia ya mbio anawafahamu watu hawa. Mlevi hufukuzika. Mtoto huitwa na mama yake akarudi. Mwenye kamera hainui macho, hunyanyua kidole tu na kusema, "Moja tu, afande."

Tarehe 5 Machi 1986, karibu na Sintra nchini Ureno, watazamaji walikuwa wamejazana mpaka katikati ya njia, kama ilivyokuwa desturi ya mashindano yale: umati ulijigawa gari lilipofika na kufumba lilipopita. Wengine walijaribu kuyagusa magari, na wengine walinyoosha kamera. Gari moja la Ford RS200 liliacha njia likawaingia. Watu wasiopungua watatu walikufa, na zaidi ya 30 wakajeruhiwa. Madereva wa makampuni makubwa walikataa kuendelea na mbio zile. Mwezi Mei mwaka ule ule dereva Henri Toivonen na msaidizi wake Sergio Cresto walifia katika mbio za Corsica, na mwaka ulipokwisha magari yale yenye nguvu nyingi yaliondolewa katika mashindano ya dunia. Magari yaliweza kuondolewa kwa amri. Hamu ya mtazamaji ya kujongea haikuondoka.

Kwa sababu hiyo lenzi ndefu haihesabiwi kuwa anasa katika shughuli hii. Kila milimita inayoongezwa ni hatua ambayo miguu haitakiwi kuipiga. Mwenye milimita 300 hana haja ya kubishana na askari. Hupanda kilima, hukaa, na gari humjia mpaka machoni.

Nayo ina kasoro zake, na si uungwana kuzificha. Lenzi ndefu huona mbali lakini haioni kando. Mwenye kuchungulia humo hulifuata gari moja, asijue kwamba jingine linakuja, wala kwamba mwanawe wa miaka sita amekwisha kuteremka bondeni. Yafaa watu wawe wawili: mmoja apige picha, mwenzake atazame njia na watoto kwa macho matupu, kisha wabadilishane. Tena mahali pa kukaa pawe juu kuliko njia, pasiwe upande wa nje wa kona ambako gari lililoshindwa hutupwa, wala mwisho wa njia iliyonyooka, wala mahali ambapo nyuma yake pana ukingo au seng'enge isiyorukika. Mahali palipowekwa utepe na wasimamizi hapabishaniwi. Na askari aliyepangwa zamu njiani kamera yake ikae kambini. Hawezi kuulinda umati alioupa kisogo.

Zamani mambo yalikuwa mengine. Safari ilianza mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika katika barabara zile zile zilizotumiwa na mabasi, malori na ng'ombe. Barabara haikufungwa. Mwanakijiji alisimama mlangoni pake akaona magari yakipita na matope yake, na mwenye kamera alichagua mti wowote aupendao. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda Safari mara tano: mwaka 1973, kisha miaka minne mfululizo tangu 1979 hadi 1982, na hakuna dereva mwingine aliyemfikia kwa hesabu hiyo. Baada ya mwaka 2002 Safari iliondolewa katika ubingwa wa dunia. Iliporejea mwaka 2021 ilikuwa imejikusanya kuzunguka Naivasha na Elmenteita, katika njia zilizofungwa, na watazamaji wakatengewa mahali pao.

Katika miaka ile ya Mehta lenzi ndefu ya mtu wa kawaida ilikuwa ya milimita 135, na nyingi kati ya hizo zimelala kabatini mpaka leo katika mifuko yake ya ngozi. Zisitupwe. Kwa mita 40 lenzi ya 135 huchukua mita 11 hivi za nchi, na katika kamera yenye bapa dogo huchukua saba. Pete ya kuunganishia ya bei ndogo huiwezesha kukaa katika kamera nyingi za leo, ingawa mwenyewe atalazimika kulenga kwa mkono. Hilo nalo si gumu kama inavyodhaniwa: hulenga kwanza jiwe lililo njiani, akangoja, na gari lifikapo jiwe anafyatua.

Hapa ndipo askari ampitapo raia. Aliyefundishwa kulenga shabaha inayokwenda anajua kwamba bunduki haisimamishwi ili ifyatuliwe; huzungushwa pamoja na shabaha, hufyatuliwa ingali inazunguka, na huendelea kuzunguka baada ya mlio. Kamera hufuata gari kwa namna hiyo hiyo. Miguu hupanuliwa na kuelekezwa pale ambapo gari litapigwa picha, viwiko hubanwa mbavuni, kiuno ndicho kizungukacho. Shata ikiwekwa sehemu moja ya 1,000 ya sekunde, gari la kilomita 120 kwa saa huwa limesogea sentimita tatu tu, na kila kitu hukaa kimya katika picha, magurudumu nayo yakasimama kama ya gari lililoegeshwa. Shata ikishushwa mpaka sehemu moja ya 125, gari husogea sentimita 27 katika muda huo. Aliyelifuata sawasawa hulipata gari likiwa kali, huku magurudumu yakizunguka na majani ya nyuma yakivutika kama nyuzi. Asiyelifuata sawasawa hupata ukungu. Wengi huanza kwa 1,000 ili wasirudi mikono mitupu, kisha hushuka kidogo kidogo kadiri mkono unavyotulia.

Lenzi nyingi za leo zina kifaa cha kuzuia mtikisiko. Kifaa hicho hakielewi kila mara kwamba mwenyewe ameizungusha kamera kwa makusudi, kikaweza kupigana naye. Baadhi ya lenzi zina swichi ya pili kwa ajili ya kufuata kitu kinachokwenda upande. Lenzi isiyo nayo na izimwe kifaa hicho gari linapofuatwa. Mazoezi hayangoji Naivasha. Mabasi na pikipiki za bodaboda hupita kila siku, na mtu akikaa nyuma ya ua wa nyumba yake kwa jioni kumi atajifunza zaidi ya yaliyo katika kitabu cha kamera.

Vumbi la Naivasha ni laini kama unga wa ngano, na huingia palipo na tundu la sindano. Lenzi ya kuvuta, yenye urefu mwingi katika mwili mmoja, ina faida kuu moja huko: haina sababu ya kuondolewa katika kamera mchana kutwa. Anayebadilisha lenzi kando ya njia hulikaribisha vumbi ndani, na madoa yake huonekana mbinguni katika kila picha mpaka kamera isafishwe. Mfuko wa plastiki uliotobolewa mdomo mmoja na kufungwa kwa mpira watosha kuwa koti. Vumbi la juu huondolewa kwa brashi laini au kwa hewa ya mpira wa kupulizia, kamwe si kwa pindo la shati, kwani chembe hizo hukwaruza kioo. Mtazamaji na akae upande unaotoka upepo. Akifanya hivyo, vumbi lile lile litageuka kuwa pambo, mkia mrefu nyuma ya gari. Akikaa upande wa pili atalila.

Jua likipanda hewa iliyo juu ya ardhi huchemka, na picha iliyopigwa kwa lenzi ndefu kutoka mbali hutetemeka kama iliyopigwa kupitia mvuke wa sufuria. Hakuna lenzi iwezayo kuponya hilo, hata ile nyeupe. Saa za asubuhi ndizo saa za picha za mbali. Adhuhuri ni saa ya chapati na kivuli.

Kwa lenzi iliyokwisha kutumika, mnunuzi na aishike mbele ya taa ya tochi, achungulie ndani toka pande zote mbili. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu, ugonjwa wa nchi zenye unyevu kama za kandokando ya Ziwa Viktoria. Lenzi hiyo na iachwe hata ikipunguzwa bei. Vumbi kidogo ndani si kitu. Mkwaruzo wa mbele si mbaya kama mkwaruzo wa nyuma. Tundu na lifunguliwe na kufungwa mara kadhaa, likiganda lina mafuta. Na kabla ya yote ihakikishwe kwamba mdomo wa lenzi waingia katika mdomo wa kamera yake, maana lenzi ya Nikon haikai katika kamera ya Canon, na wauzaji wachache humwambia mteja hivyo kabla ya kupokea fedha.

Koplo aliiacha lenzi nyeupe dukani. Alipata ya milimita 70 hadi 300 iliyokwaruzika pete, kwa bei ambayo mkewe aliiuliza mara mbili ili ahakikishe amesikia vema. Walikwenda kwa basi la usiku kupitia Busia, na asubuhi moja walikaa juu ya mteremko wa Soysambu, mita mia na zaidi kutoka njiani, watoto wakiwa kati yao. Chini yao, karibu na utepe, vijana wenye simu walikuwa wakirudishwa nyuma na konstebo mmoja, wakarudi, wakarudishwa tena. Gari la kwanza lilijulikana kwa vumbi lake kabla ya kusikika.

Kati ya picha 412 za siku ile, kumi na moja zilikuwa kali. Tatu kati ya hizo alizipiga mkewe, katika zamu yake, wakati koplo akimfungia mtoto kamba za viatu.